Ruksa Si Haki

Alipofariki Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi, tarehe 29 Februari 2024, watu wa Kariakoo na Magomeni walimlilia kwa jina ambalo hakupewa na Bunge wala na chama. Walimwita Mzee Ruksa. Miongoni mwa waombolezaji walikuwamo watu wazima waliokumbuka mwaka walipoona sabuni ya kufulia ikiuzwa dukani bila foleni, na wengine walikumbuka kanga, dawa ya meno na matairi ya baiskeli. Allah (SW) amrehemu mzee wetu. Taifa hili lina deni la shukrani kwake.

Hata hivyo, ndugu msomaji, jina hilo lenyewe lataka kutazamwa. Ruksa ni neno la mwenye mlango. Asemaye "ruksa" ndiye huyo huyo awezaye kesho kusema "marufuku", na aliyeruhusiwa hana la kudai siku ruhusa itakapoondolewa. Mwenye haki hali yake ni nyingine kabisa. Yeye haombi; anayetaka kumzuia ndiye anayetakiwa kutoa sababu, tena aitoe mbele ya hakimu. Sasa tuulize: kijana anayeuza soksi Mtaa wa Kongo anauza kwa haki au kwa ruksa? Sisi tunaona kuwa anauza kwa ruksa, na kwamba sehemu kubwa ya misukosuko iliyowapata wafanyabiashara wa jiji hili kwa zaidi ya miaka hamsini chanzo chake ni hapo.

Swali hili si geni duniani. Huko Ulaya na Marekani lipo kundi la wanafikra waitwao walibertari, yaani watetezi wa uhuru wa mtu binafsi mbele ya mamlaka ya dola. Vijana wetu wa vyuo vikuu wanawasoma, na baadhi yao huja na maneno hayo barazani kana kwamba wao ndio waliovumbua moto. Msingi wa hoja yenyewe si mgumu. Wanasema kila mtu anamiliki nafsi yake na chumo la mikono yake. Watu wazima wawili wakiridhiana kuuziana, wa tatu hana la kuingilia maadamu hapana aliyelaghaiwa wala kulazimishwa. Na serikali imewekwa ili kuyalinda hayo, ikipita hapo inageuka mnyang'anyi aliyevaa sare. Robert Nozick, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika kitabu kizima mwaka 1974 akitetea dola ndogo ambayo kazi yake ni kuzuia mabavu, wizi na udanganyifu, na kusimamia mikataba, basi.

Friedrich Hayek, mzaliwa wa Vienna aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka huo huo wa 1974, alipita njia nyingine. Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1945 aliianza hoja kwenye ujuzi badala ya haki. Alisema kuwa maarifa yanayohitajika ili kuendesha uchumi hayakai kwa mtu mmoja wala katika ofisi moja. Yametawanyika vipande vipande kwa mamilioni ya watu, kila mmoja na kipande chake, na bei ya sokoni ndiyo inayopeleka habari kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Anayeipanga bei kwa amri huwa ameukata waya wa simu, kisha hushangaa mbona upande wa pili hapaitikiwi.

Hoja hii mtu wa Kariakoo haihitaji kuisoma kitabuni. Mwenye duka la jumla Mtaa wa Msimbazi anajua wateja wake wa Lubumbashi wanataka kitenge cha rangi gani msimu huu. Anajua mnunuzi wa Zambia huja siku gani na hulipa vipi. Anajua kwamba mvua zikikatika mapema Dodoma, majembe yatalala stoo na mzigo wa ndoo utatoka. Hana daftari alimoyaandika hayo, na ukimwuliza ameyajuaje atacheka. Afisa aliyeko wizarani, hata awe mwadilifu na msomi kiasi gani, hawezi kuyajua, kwa kuwa hayamo katika faili lolote.

Nchi yetu ililipima jambo hili kwa vitendo. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, mabenki yalitaifishwa, na makampuni makubwa ya kuingiza na kusafirisha bidhaa yakawekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa. Aprili 1971 yakachukuliwa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kukabidhiwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1973 ikaja Tume ya Bei, ofisi iliyotakiwa kujua na kupanga, kutoka Dar es Salaam, bei halali ya mamia kwa mamia ya bidhaa nchi nzima. Mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili maduka ya ujamaa yashike nafasi. Yale ya zamani yalifungwa kwa siku moja, yale mapya hayakuwa tayari, na wanavijiji wakabaki wakitafuta chumvi. Operesheni ikasitishwa ndani ya mwaka huo huo.

Mwaka huo wa 1976 vilevile vilivunjwa vyama vikuu vya ushirika vya wakulima. Tunavitaja makusudi, kwa kuwa havikuwa mali ya bepari yeyote. Vilikuwa vya wakulima wenyewe, na baadhi yao walivijenga tangu zama za mkoloni. Na miaka minane kabla ya hapo, 1968, ilikuwa imepigwa marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS. Wasomaji wetu wanaijua habari hiyo na hatutairudia. Tunaikumbusha kwa sababu moja tu: dola isiyomwamini raia kufungua duka haitamwamini kufungua jumuiya, na palipo na mazoea ya kuomba ruksa ya kuuza mchele, ruksa ya kukutana nayo huombwa mahali hapo hapo.

Hatusemi kuwa waliofanya hayo walikuwa na nia mbaya. Mwalimu Nyerere, ambaye nyumba yake ya miaka ya hamsini ingali hapa Magomeni ikiwa makumbusho, hakujilimbikizia mali, na kusudio lake lilikuwa kumwinua mnyonge. Wapo watakaosema kuwa kulikuwa na vita vya Kagera, bei ya mafuta ya petroli ilipanda, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Ni kweli yote hayo. Lakini nchi nyingi zilinunua mafuta kwa bei ile ile na watu wake hawakufua nguo kwa majani ya mpapai.

Ukafika mwaka 1983, na hapa tunaomba msomaji asitupite haraka. Machi ya mwaka huo serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Uadilifu wa Sokoine hatuutilii shaka, na kifo chake katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 kililiza wengi. Wala hatukanushi kuwa walikuwapo walanguzi waliohodhi bidhaa watoto wa watu wakikosa maziwa. Tunalozungumza ni namna. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa nchi nzima. Sheria ya kuwashitaki ilitungwa baada ya ukamataji kuanza, nayo ikarudi nyuma kuyashika matendo yaliyokwisha kutendwa. Ikaundwa mahakama maalumu. Mshitakiwa hakuruhusiwa wakili, hakuwa na dhamana, wala hakuweza kukata rufaa katika mahakama za kawaida. Wazee wa Kariakoo wanasimulia watu waliotupa mitaroni usiku vitu walivyovinunua kwa fedha zao halali, kwa kuwa hakuna aliyejua ni katoni ngapi za sabuni zinazomfanya mtu awe mhujumu. Mwaka huo huo wakaokotwa mitaani wale walioitwa wazururaji, wakapelekwa mashambani kwa jina la Nguvu Kazi. Wengi katika hao kazi walikuwa nayo: walikuwa wakiuza karanga, maji na nguo za mitumba. Ila kazi yao haikuwa na ruksa.

Na tazama kinyume cha mambo. Katika mwaka huo huo wa 1983, serikali iliyokuwa ikiwasaka wauza sabuni ililazimika kuwaruhusu watu binafsi kubeba abiria mjini, kwa kuwa mabasi ya UDA yalikuwa yameshindwa. Magari hayo yalikuwapo hata kabla, yakibeba watu kwa kujificha. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, ndipo likazaliwa jina la daladala. Hapana wizara iliyochora mpango wake. Watu walijua pana abiria wamesimama Magomeni na pana gari limelala Manzese, wakaviunganisha.

Baadhi ya wasomaji watadhani tunaazima hoja za Vienna na Harvard kwa kukosa zetu. Hoja zetu zipo, tena ni za kale kuliko hizo. Amesimulia Anas bin Malik (RA), na wakaipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba bei zilipanda Madina na watu wakamwendea Mtume (SAW) wakimtaka awapangie. Hakukubali. Aliwaeleza kwamba mwenye kupanga bei, kubana na kukunjua riziki ni Allah, na kwamba yeye anatumai kukutana na Mola wake pasiwe na mtu wa kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Zingatia kuwa aliyekataa alikuwa mtawala wa mji, mwenye uwezo wa kuamrisha na kutiiwa, na waliomwomba walikuwa raia wenye shida ya kweli. Kisha zingatia kuwa kupanga bei amekuhesabu katika mlango wa dhulma ya mali. Yaani mali ya muuzaji ni yake hata wakati wa dhiki, hata mbele ya mtawala bora kuliko wote.

Wanazuoni waliokuja baadaye hawakuisoma hadithi hiyo kijuujuu. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, katika risala yake juu ya hisba alipambanua. Bei ikipanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu, hiyo ni kazi ya Mola na kumlazimisha muuzaji auze kwa hasara ni kumdhulumu. Lakini wakiwapo watu walioachiwa peke yao kuuza, au waliohodhi chakula watu wakikihitaji, hao huweza kulazimishwa wauze kwa thamani ya mfano wake. Hukumu hii ingewafaa wote wawili mwaka 1983, mnunuzi na muuzaji, kwa sababu ingeuliza kwanza kama huyu amehodhi kweli, na ingeuliza vilevile ni nani aliyefanya bidhaa iwe chache.

Naye Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyeiandika Mukadima yake mwaka 1377, ameeleza mambo mawili ambayo ungedhani aliishi Mtaa wa Swahili. La kwanza, dola changa hutoza kodi ndogo na kupata mapato makubwa, na dola inayozeeka hutoza kodi nyingi na mapato yakapungua, kwani watu hukata tamaa ya kufanya kazi. La pili, mtawala akiingia mwenyewe katika biashara huwaangamiza raia, kwa kuwa mtaji wake hauna mwisho, hununua kwa bei aitakayo yeye na huuza kwa nguvu ya cheo. Wafanyabiashara wakiona hawawezi kushindana naye hukaa majumbani mwao, na pamoja nao huondoka kodi waliyokuwa wakiilipa. Historia ya Shirika la Biashara la Taifa imo humo, karne sita kabla ya kuzaliwa kwake.

Tukirudi kwa ruksa yenyewe: milango ilianza kufunguka kidogo katika bajeti ya mwaka 1984, walipoachiwa watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi. Mzee Mwinyi alipoingia madarakani Novemba 1985 aliifungua zaidi. Bidhaa zikarudi upesi kiasi cha kuwashangaza hata waliopendekeza hatua hiyo. Mwaka 1984 vilevile haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba. Ibara ya 22 inatambua haki ya kila mtu kufanya kazi, na Ibara ya 24 haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali hiyo, isichukuliwe pasipo sheria inayoweka fidia inayostahili. Kwa karatasi, basi, tulikwisha kuvuka kutoka ruksa hadi haki.

Katika mtaa mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 2006 wamachinga waliondolewa barabarani jijini. Baadaye likajengwa jengo la Machinga Complex, Ilala, ili wahamie huko, na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu, kwa kuwa walioujua mpito wa wateja hawakuulizwa. Desemba 2018 Rais John Magufuli akageuza mkondo. Aliwagawia wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, na akaagiza wenye navyo wasibughudhiwe. Machinga wakashangilia, nasi hatuwalaumu. Kwa mara ya kwanza mgambo alipita akatazama pembeni.

Lakini kitambulisho kile kilikuwa nini hasa? Kilikuwa ruksa iliyochapwa. Nguvu yake haikuwa katika hukumu ya mahakama wala katika hati ya eneo. Ilikuwa katika ukali wa sauti ya mtu mmoja. Rais Magufuli alifariki Machi 2021. Kufikia Oktoba ya mwaka huo huo, machinga wa Dar es Salaam walikwisha kupewa tarehe ya mwisho ya kuondoka kandokando ya barabara na mbele ya maduka, na vibanda vikabomolewa. Mwenye kitambulisho na asiye nacho waliondoka pamoja.

Haki itendeke: mwenye duka aliyezibiwa mlango wake na meza za wengine, huku yeye akilipa pango na kodi, naye alikuwa na malalamiko ya kweli, na mpita njia mwenye kiti cha magurudumu alikuwa na haki ya kupita. Mgogoro huo ungeweza kuamuliwa kwa kipimo: huyu ana hati ya mita hizi, yule ana mita zile, njia ya watu ni hii. Haukuamuliwa hivyo 2018 wala 2021. Mara ya kwanza ilishinda huruma ya mtawala kwa machinga, mara ya pili ikashinda huruma kwa wenye maduka.

Wenye maduka nao zamu yao ilikuja. Tarehe 15 Mei 2023 Kariakoo ilifungwa. Waliofunga hawakuwa wazururaji. Walikuwa watu wenye leseni, namba ya mlipakodi na mashine za risiti, wakilalamikia kamatakamata ya maofisa wa kodi mitaani na utaratibu mpya wa kusajili stoo. Mgomo ulikwisha baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kukutana nao Mnazi Mmoja na kutoa maagizo ya kusitisha mambo hayo. Watu wakapiga makofi, wakafungua. Juni 2024 wakafunga tena, kwa malalamiko yenye sura ile ile, na safari hii mgomo ukaenea mikoa mingine. Inakuwaje jambo lililokwisha mwezi Mei lirudi mwaka wa pili? Ni kwa sababu lilikwisha kwa tamko. Kilichositishwa kwa mdomo mkutanoni huendelezwa kwa mdomo ofisini.

Kodi tunaikubali kuwa ni wajibu wa raia. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021 watu walirudi kutembea na fedha taslimu mifukoni, ikabidi ipunguzwe kabla miezi mitatu haijatimia. Ibn Khaldun hangeshangaa. Kinachomtesa mfanyabiashara zaidi ya kiwango cha kodi ni kutojua. Akijua atadaiwa kiasi gani, lini, na nani, atakiweka katika bei ya mzigo na maisha yataendelea. Asipojua, sehemu ya mtaji wake lazima iwe ya kumnyamazisha mtu, na mla rushwa hustawi penye sheria yenye kuyumba.

Sisi wa Magomeni tuna mfano wa mlangoni. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Barabara ya Morogoro, Mei 2016, daladala ziliondolewa katika njia hiyo na safari ikaachiwa mtoa huduma mmoja. Barabara ilikuwa njema na kasi ilikuwa ya kweli. Lakini abiria wa Mapipa na Usalama alipoyaona mabasi yakipita yamejaa asubuhi moja baada ya nyingine, hakuwa na wa kumkimbilia, maana mshindani alikwisha kufukuzwa kwa amri. Anayepewa peke yake njia ya watu, awe shirika la umma au kampuni, hana sababu ya kuwahi.

Sasa tuseme na wafanyabiashara wenyewe, kwani hawajatoka wasafi. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, utengenezaji wa simu, saluni, na ununuzi wa mazao shambani. Kariakoo ilishangilia, kwa sababu Wachina waliokuwa wakiuza rejareja walikuwa wameshusha bei. Wale wale waliofunga maduka mwaka 2023 na 2024 wakidai serikali iwaache wafanye kazi, walitaka serikali hiyo hiyo iende ikafunge duka la jirani. Tunauelewa uchungu wa mtu anayeshindana na mwenye kiwanda. Kama mgeni alikwepa kodi au aliingia kwa kibali cha uongo, ashitakiwe kwa hilo. Ila mama wa Magomeni aliyenunua sufuria kwa bei nafuu hakuulizwa, na mkulima aliyekuwa akipata wanunuzi watatu shambani na sasa anapata mmoja, naye hakuulizwa. Kenya ililalamika mara moja. Na Watanzania wenye biashara Nairobi na Lubumbashi, ambao ni wageni huko, watajibiwa nini wakipimiwa kwa kipimo hicho hicho? Aliyekubali kuwa riziki ni kibali, leo kikimnufaisha, hatakuwa na hoja siku kibali kitakapokwenda kwa mwingine.

Kwa walibertari, hata hivyo, tunafika mahali pa kuagana. Wao wakisema mali ni ya mtu, wengi wao huishia hapo. Kwetu sisi mali ni amana, na ndani yake mna haki ya mwombaji na ya asiyeomba kwa kuona haya. Zaka haimo katika hiari ya tajiri, na riba haihalaliki kwa kuwa waliokopeshana wameridhiana. Kijana wa bodaboda aliyesaini mkopo wa riba kubwa kwenye simu yake saa nne ya usiku, mtoto akiwa na homa, aliridhia. Hatuwezi kuiita ridhaa hiyo uhuru.

Tena dola ndogo isiwe dola kipofu. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakafariki chini ya kifusi. Allah awarehemu. Mtaa ule ule ambao serikali ilikuwa na macho ya kutosha kuona mteja aliyetoka dukani na shati moja bila risiti, haikuwa na macho ya kuona nguzo. Muhtasibu wa zama za Kiislamu alikagua mizani, maziwa yaliyotiwa maji, na ukuta uliokaribia kuwaangukia wapita njia. Kazi yake ilikuwa kuzuia madhara na ulaghai. Serikali inayofanya kila kitu huyafanya haya mawili vibaya, kwa kuwa watu wake wameenda kuhesabu katoni za wengine.

Tunalolitaka linaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Bidhaa ya mtu isichukuliwe barabarani pasipo hati yenye orodha, jina la aliyeichukua na mahali pa kuidai. Kodi, ushuru na ada zote za Jiji na za serikali kuu ziwe katika jedwali moja lililochapishwa, na lisilomo lisidaiwe. Kanuni mpya isianze kabla ya muda uliowekwa na sheria kupita. Maeneo ya machinga yapimwe na kuandikwa kwa majina yao, ili yakitakiwa kwa kazi ya umma walipwe kama anavyolipwa mwenye nyumba. Na yote haya yatungwe na Bunge, si kutamkwa Mnazi Mmoja.

Wabunge wa Ilala na wa Kinondoni wanapokuja kwetu, huja na ahadi za masoko mapya na mikopo. Safari hii wasomaji wetu wawaulize jambo dogo zaidi, na wasiwaachie kipaza sauti mpaka walijibu: mgambo akibeba beseni la machungwa la mama mmoja leo saa nne asubuhi, mama huyo anaandikiwa wapi, anamdai nani, na ndani ya siku ngapi?